Magongo Katika Theluji

Ninyi mkaao karibu na milima ya Ruwenzori mmekwisha kuiona theluji kwa mbali, ikimeta juu ya vilele. Lakini huko Ulaya ya kaskazini, majira ya baridi huishusha mpaka kizingiti cha nyumba. Mashamba hufunikwa, miti hubaki mitupu, ndege hunyamaza.

Katika mji wa Greifswald, ulio leo nchi ya Ujerumani, alizaliwa mwaka 1774 mchoraji Caspar David Friedrich. Alifiwa na mama yake angali mtoto mdogo. Alipokuwa na miaka 13, nduguye Johann Christoffer alizama majini barafu ilipopasuka, akafa. Basi si ajabu kwamba mtu huyu aliijua baridi na upweke.

Mwaka 1811 alichora picha mbili ndogo, ambazo upana wa kila moja haufiki nusu mita. Ya kwanza ni ya jumba la makumbusho la Schwerin. Humo twaona mtu mdogo sana, ameegemea magongo yake kati ya miti iliyokufa na visiki. Mbingu ni nzito. Hakuna nyumba, hakuna moshi wa jiko. Aitazamaye huona baridi moyoni.

Ya pili imo London. Theluji ni ile ile, lakini magongo yametupwa chini. Mtu ameegemea jiwe kubwa, mikono ameiinua, anasali mbele ya msalaba uliosimama penye misonobari mibichi. Nyuma, katika ukungu, yatokea minara ya kanisa. Na hapo mbele, majani machache yachomoza katika theluji.

Angalieni vema: mchoraji hakuiyeyusha theluji. Hakuleta moto, wala mkate, wala jamaa. Mtu yule yu peke yake bado, ila hakuachwa, maana anaye wa kusema naye.

Kwetu pia baridi hiyo iko, ijapokuwa jua ni kali: mjane katika nyumba iliyonyamaza, mwanafunzi aliye mbali na wazazi, mgonjwa asiyetembelewa. Ukienda kwake, usimwambie upesi kwamba taabu si kitu. Theluji yake ni ya kweli. Keti naye kwanza, kisha salini pamoja.