Elimu ya Kwanta Isifungiwe Mlango

Tarehe 7 Juni, 2024, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuufanya mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Yafaa ikumbukwe kwamba nchi iliyoliwasilisha azimio hilo mbele ya Baraza ni Ghana, nchi ya Kiafrika. Sherehe zilifunguliwa Paris mwezi Februari, 2025, na hotuba nyingi zikatolewa. Lakini hotuba hazijengi maabara. Swali tunalotaka kuliuliza ni hili: je, serikali zilizoliunga mkono azimio hilo ziko tayari kulitolea fedha?

Mfanyakazi ana haki ya kuuliza, kwanta ni kitu gani, nayo yamhusu nini mtu ashindaye kutwa kiwandani au shambani? Wataalamu waligundua kwamba nguvu ya mwanga haitiririki kama maji ya mtoni, bali huja kama nafaka: punje moja, punje mbili, wala hapana nusu ya punje. Hiyo punje ndiyo kwanta. Kwa kuielewa, watu wakaweza kutengeneza transista mwaka 1947, na kutoka hapo zikaja redio ndogo za mkononi, kompyuta na simu. Paneli inayogeuza jua kuwa umeme juu ya paa la zahanati hufanya kazi kwa kanuni hizo hizo. Basi asidhani mtu kwamba elimu hii ni ya mbali. Imo mfukoni mwake.

Tena elimu hii haikuzaliwa na taifa moja. Mwaka 1924 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Dhaka, Satyendra Nath Bose, wakati nchi yake ikitawaliwa na Waingereza, alimpelekea Einstein makala yake huko Berlin. Einstein aliyasoma, akayafasiri kwa Kijerumani kwa mkono wake, akahakikisha yamechapishwa. Mwaka uliofuata Heisenberg, kijana wa Kijerumani wa miaka 23, aliweka msingi wa hesabu mpya za atomu. Hata leo kundi zima la chembe laitwa bosoni kwa heshima ya mwalimu yule wa Dhaka. Barua ya mtu wa koloni ilipokewa, na ulimwengu wote ukafaidika.

Leo twaona malango yakianza kufungwa. Katika mwaka 2024 serikali za Uingereza, Ufaransa, Kanada na Marekani ziliweka masharti ya kuzuia kompyuta za kwanta zisipelekwe nchi za nje bila kibali. Zahofia kwamba mashine hizo, zikikamilika, zitaweza kufumbua maandishi ya siri ya majeshi na ya mabenki. Hatusemi kwamba serikali haina haki ya kulinda siri zake. Twasema kwamba kufuli la mashine lisigeuzwe kuwa kufuli la elimu. Kijana wa Accra au wa Kigali anayetaka kujifunza hesabu za atomu si jasusi.

Njia iliyo bora inajulikana. Abdus Salam wa Pakistan, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, alirudi kwao mwaka 1951 kufundisha Lahore. Akajikuta mpweke, hana mwenzi wa kujadiliana naye katika utafiti, na mwaka 1954 ikambidi arudi Uingereza. Hakutaka wengine walazimike kuchagua kati ya nchi yao na elimu yao. Alipodai kiundwe kituo cha kimataifa, baadhi ya nchi tajiri zilipinga. Serikali ya Italia ilikubali kutoa fedha, na mwaka 1964 kituo kikafunguliwa mjini Trieste. Mwanasayansi wa nchi maskini huweza kwenda huko kwa wiki au miezi, akasoma, akajadiliana, kisha akarudi kufundisha kwao. Hadi leo Italia ndiyo hulipa sehemu kubwa ya gharama. Huo ndio ushirikiano, si maneno matupu.

Mwaka 2018 tawi la kazi hiyo lilianzishwa Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, kwa ajili ya Afrika Mashariki. Twafurahi. Lakini mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Hatuwezi kuwa wageni wa Italia milele. Mwaka 2006, mjini Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika ziliafikiana kwamba kila moja itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Nchi nyingi hazijafika hapo. Ahadi ni deni.

Watakuwapo watakaosema kwamba tuanze na hospitali na barabara. Hospitali ni lazima, na barabara ni lazima. Lakini hatudai kila nchi inunue mashine ya mamilioni. Twadai walimu walipwe, vitabu vinunuliwe, nauli ya mtafiti itolewe, na maabara moja itumiwe na nchi jirani kwa shirika. Fedha hizo ni jasho la mfanyakazi na mkulima. Nao watoto wao wawe wa kwanza kuingia mlangoni.

Ghana ilibisha hodi kwa niaba ya wengi. Serikali zetu zisisimame kizingitini mikono mitupu.