Kusema "Sorry" kwa Kosa Lisilo Lako

Hoja mmezisikia. Zinarudiwa madarasani, kwenye mafunzo ya waongoza watalii, na kila anaporudi mtu aliyeishi Ulaya akaanza kutusahihisha: Mtanzania anayemwambia "sorry" mgeni aliyejikwaa hajui Kiingereza. Nimezisikiliza kwa makini kabla ya kuzikataa. Naziweka mbele yenu wasomaji, mpime wenyewe.

Hoja ya kwanza ndiyo inayozibeba nyingine zote. Inasema neno hilo maana yake ni kuomba radhi, kwa hiyo asiye na kosa hana sababu ya kulitamka. Basi tuwasikilize Waingereza wenyewe wakiwa msibani. Anayempa mkono mfiwa humwambia "I'm sorry for your loss", na hakuna anayedhani kwamba anakiri kuua. Historia ya neno inawaumbua wakosoaji zaidi. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla Wanormandi hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, lilikuwa "sārig", yaani mwenye maumivu au mwenye huzuni, na limetoka shina moja na "sore", neno ambalo hadi leo hutaja kidonda na maumivu. Desturi ya kulitamka peke yake, bila sentensi nzima, kwa nia ya kuomba msamaha ilishika katika karne ya 19. Maana inayodaiwa kuwa ndiyo pekee ni changa. Ile inayoitwa kosa la Waafrika ni ya kale.

Lakini hoja hii ina chembe ya ukweli, na sitaificha. Mwingereza wa leo akimwona mtu ameanguka barabarani, kwa kawaida haanzi na "sorry" tupu. Atamuuliza kama ameumia. Tofauti ipo. Nendeni Soni, kwenye milima ya Usambara, wakati wa masika, mteremke njia ya kwenda kwenye maporomoko. Udongo unateleza, mgeni anaketi chini kwa kishindo, suruali imejaa tope. Kijana anayemwongoza anasema "Sorry, sorry", na tayari amemshika kiwiko. Mgeni anamjibu kwamba si kosa lake. Hapo juu barabarani, mama aliyejitwisha tenga la matunda damu anajikwaa na matunda yanatawanyika hadi kwenye mtaro. "Pole mama!" zinatoka pande zote, hata kwa abiria waliomo ndani ya basi linalosubiri kupanda Lushoto. Anajibu "Asante, nimeshapoa", na wawili wamekwisha kuinama kuokota naye. Kijana wa maporomokoni amefanya kile kile walichofanya hawa. Aliyeitazama mikono yake asingehitaji kubishana juu ya neno.

Hoja ya pili: hiyo ni tafsiri sisisi ya "pole", na tafsiri sisisi huzaa Kiingereza kibovu. Kwamba "pole" imechangia, nakubali. Lakini kama kosa ni la Kiswahili, wakosoaji watueleze kwa nini Wanijeria na Waghana, ambao Kiswahili hawakijui, nao humwambia aliyejikwaa "sorry". Wayoruba wana neno lao la kumpa mtu pole, "pẹlẹ", na walipojifunza Kiingereza walichagua neno lile lile tulilolichagua sisi. Watu wa pande mbili za bara, kila mmoja kwa njia yake, walilikuta neno la Kiingereza lenye huzuni ndani yake wakalitumia kwa huzuni. Mahali ambapo tafsiri sisisi hudhuru kweli ni kwingine: "pole na kazi" ikigeuzwa kuwa "sorry for your work", msikilizaji huelewa kwamba kazi yake ni ya kusikitisha. Hilo lisahihishwe, tena mapema. Ila ni kosa tofauti na linalolalamikiwa.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera. Wanasema tunajidhalilisha, kwamba kumwomba mzungu radhi bila kosa ni mabaki ya utumwa wa fikra. Iwekeni kando ya hoja ya kwanza. Kule walidai hatujui kwamba neno hili ni la kuomba radhi. Huku wanadai kwamba tunaomba radhi. Asiyeijua maana hawezi kuikusudia. Wachague moja, waiache nyingine. Tena hata dai la kutojua ni la uongo, na ushahidi uko kwenye Kiswahili chetu cha kila siku. Kijana aliyechelewa njia panda ya Bumbuli huwaambia wenzake "Sori jamani, nimewachelewesha." Hapo "sori" ni samahani. Kijana huyo huyo akimwona mwenzake amejigonga kidole atamwambia "pole", hatamwambia "sori". Maana ya kuomba radhi anaijua barabara. Mgeni anapoanguka anatumia maana nyingine ya neno hilo hilo, kama afanyavyo Mwingereza msibani. Na hadhi gani inayopotea kwa kumwonea mtu huruma, awe mzungu au mama mwenye tenga?

Hoja ya mwisho inasema wageni wanachanganyikiwa. Wageni wepi? Wengi wanaopanda milima ya Usambara hawakuzaliwa na Kiingereza. Mjerumani husema "tut mir leid" akikukanyaga, na husema hivyo hivyo akisikia umefiwa. "Leid" kwao ni mateso. Huyo hana cha kuchanganyikiwa. Anayebaki ni mzaliwa wa Kiingereza, na mashaka yake huisha kwa maneno matatu baada ya "sorry", ambayo ndiyo ningependa mafunzo ya waongoza watalii yaongeze badala ya kupiga marufuku: "Sorry! Are you hurt?" Swali likifuata, hakuna atakayedhani umemsukuma. Kwenye mtihani wa kidato cha nne mwanafunzi afuate kitabu chake. Maporomokoni aendelee kusema "sorry", aulize, na amnyooshee mkono aliyeanguka.