Bekihendi ya mkono mmoja haijengwi na misuli, inajengwa na miguu na ukuta

Kila shabiki wa soka anamjua yule winga ambaye mpira ukimjia mguu wa kushoto, anauzungusha kwanza mpaka aupate mguu wa kulia. Jukwaani tunapiga kelele "piga!", yeye bado anatafuta mguu wake, na akija kuupata beki ameshafika. Wapinzani wakishamsoma, kazi imekwisha. Wanamfungia upande mmoja na dakika 90 zinapita bila yeye kuonekana.

Kwenye tenisi mchezaji wa aina hiyo yupo pia, ila kule hana pa kujificha. Hana wa kumpasia, hana beki wa kumfunika, na mwalimu hawezi kuingiza mtu wa akiba. Ubovu wake mara nyingi unakaa sehemu moja tu, nayo ni bekihendi.

Kwa msomaji ambaye macho yake yamezoea Simba na Yanga, tuelewane kwanza. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia, mpira ukimjia kuliani kwake anaupiga kirahisi, kiganja kikitazama mbele. Ukimjia kushoto, mkono unalazimika kuvuka mbele ya kifua na mgongo wa kiganja ndio unaotangulia. Hiyo ndiyo bekihendi. Wengi siku hizi wanaipiga kwa mikono miwili. Wachache bado wanaipiga kwa mmoja, na ndiyo ngumu zaidi kuijenga.

Mbona gazeti la watu wa soka linaleta habari hii, tena ikigusa Nemba, kule wilayani Biharamulo? Kwa sababu tenisi ya kulipwa imeshafika jirani na wao. Mwaka 2024, Kigali iliandaa kwa wiki mbili mfululizo mashindano ya ngazi ya Challenger, yale yanayotoa pointi za viwango vya dunia vya wanaume, na mwaka 2025 yakarudi tena. Mtu wa Nemba akifika Lusahunga anaikuta barabara ya malori inayopita Nyakahura kwenda mpaka wa Rusumo, na ng'ambo ya Rusumo ni Rwanda. Kwake yeye Kigali iko karibu kuliko Dar es Salaam. Upande mwingine, ukivuka mpaka wa Kabanga kule Ngara, uko Burundi, nchi iliyompeleka kijana wake Hassan Ndayishimiye kucheza Wimbledon ya vijana mwaka 2010. Na Kenya, Angella Okutoyi alibeba taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili mwaka 2022, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp.

Kwa hiyo hatuongelei mchezo wa Ulaya peke yake. Majirani zetu wanaucheza. Sisi tumebaki na imani kwamba tenisi ni ya watu wa klabu kubwa za mjini, na kwamba pigo gumu kama bekihendi ya mkono mmoja ni la waliozaliwa nalo. Imani zote mbili zina makosa, na anayeumia ni mtoto.

Tuanze na hili la kuzaliwa nalo. Pete Sampras wa Marekani alikulia kwenye mikono miwili. Akiwa na miaka 14 alihamia mkono mmoja, na matokeo yake yakashuka kwanza. Angekuwa kwenye timu zetu za vijana, tungeshamweka benchi na kusema kipaji kimekwisha. Miaka mitano baadaye, akiwa na miaka 19, alibeba US Open ya mwaka 1990. Alistaafu akiwa na mataji 14 ya Grand Slam.

Na hili la misuli? Justine Henin wa Ubelgiji ana urefu wa sentimita 167, kimo ambacho hata kwenye netiboli ya shule hakimtishi mtu. Mkono wake mmoja ulikuwa silaha iliyomsaidia kupata mataji saba ya Grand Slam, manne kati ya hayo yakiwa ya Roland Garros, kwenye udongo mwekundu ambako mpira unaruka juu na kuwatesa watu wa mkono mmoja. Ingekuwa ni suala la ubavu, Henin asingefika popote.

Nguvu yake ilitoka wapi basi? Mtu wa soka anaweza kuelewa haraka. Shuti kali halitoki kwenye goti peke yake. Ukitazama guu la kushoto la Stephane Aziz Ki alipokuwa Yanga, usitazame ule mguu unaopiga. Tazama ule mwingine, mguu wa egemeo, umekanyaga wapi. Tazama nyonga inavyofunguka. Mguu unaopiga ni wa mwisho kufika. Kwenye bekihendi mkono nao ni wa mwisho kufika.

Kazi inaanza miguuni. Mpinzani anapotaka kupiga, unaruka karuko kadogo ili utue ukiwa mwepesi, kama kipa kabla ya penalti. Ukishaona mpira unakuja kushoto, geuza mabega mapema, bega la kulia lielekee wavuni na mpinzani akaribie kuuona mgongo wako. Mkono wa kushoto unashika shingo ya raketi na kuivuta nyuma. Wakati huohuo unabadilisha mshiko, kifundo cha chini cha kidole cha shahada kikae juu ya mpini. Anayesubiri mpira udunde ndipo ageuke ameshachelewa, na akichelewa atapiga kwa kiwiko.

Halafu mguu wa kulia unaingia mbele, uzito wa mwili unahamia kwake, raketi inatoka chini kwenda juu. Mpira unapigwa mbele ya mguu huo wa kulia, mkono ukiwa umenyooka na kifundo cha mkono kimekaza. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Mtu wa mikono miwili akichelewa kidogo, mkono wa pili unamwokoa. Wa mkono mmoja hana wa kumwokoa. Mpira ukimfikia ubavuni, hana nguvu tena hata awe na kifua cha mbeba magunia. Anayezoea kupiga hivyo, kiwiko kimekunjwa na mpira umeshampita, anajitafutia maumivu ya nje ya kiwiko ambayo yanaweza kumkalisha miezi.

Kuna jambo moja dogo ambalo wanaojifunza wanalisahau, nalo ni mkono wa kushoto baada ya kuiachia raketi. Haufuati mpira. Unabaki nyuma, unanyooka upande wa pili kama ndege anayetanua mabawa. Kazi yake ni kuzuia kifua kisifunguke mapema. Kifua kikifunguka, mpira unakwenda pembeni, sawasawa na yule mpiga faulo anayeinua kichwa kuangalia goli kabla hajaupiga mpira.

Hayo ndiyo ya nguvu. Sasa uhakika, na hapa msimamo wetu ni huu: uhakika uje kwanza, nguvu ifuate. Vijana wetu wanafanya kinyume. Anaona video ya Stan Wawrinka wa Uswisi akifyatua bekihendi mpaka mpinzani anabaki amesimama, basi na yeye anataka kufyatua siku ya kwanza. Mmoja unaingia, tisa zinakwenda kwa jirani. Jamaa anaondoka akiukumbuka ule mmoja.

Mwalimu wa kwanza wa uhakika ni ukuta. Ukuta hauchoki, haununi, na kila unachoupa unakurudishia. Tafuta ukuta uliopigwa plasta usio na dirisha, mbele yake pawe na ardhi ngumu iliyoshindiliwa. Chora mstari wa chaki kwenye kimo cha sentimita 91, ambacho ndicho kimo cha wavu wa tenisi katikati. Simama hatua sita au saba. Piga polepole, mpira upite juu ya mstari, udunde mara moja, upige tena kwa bekihendi. Hesabu kumi mfululizo. Ukikosea wa tisa, rudi sifuri. Ukizipata kumi, tafuta ishirini. Ukizipata ishirini siku tatu mfululizo, rudi nyuma hatua mbili, na hapo ndipo uongeze nguvu kidogo. Nguvu ikivunja hesabu, ipunguze. Mpira uliochakaa unafaa, tena kwa anayeanza ni bora kwa sababu unakwenda taratibu. Hata Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, tangu mwaka 2012, linataka mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yatumie mipira ya polepole.

Kama hakuna mpira, piga hewa. Mara 50 kila jioni, mwenzako akikuangalia mabega na miguu. Kama mpo wawili na raketi ni moja, mmoja arushe mpira kwa mkono, mwingine apige, halafu mbadilishane. Hakuna hata moja hapo linalosubiri mfadhili.

Tunajua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Bekihendi ya mkono mmoja inapotea. Februari 2024, kwa mara ya kwanza tangu viwango vya wanaume vianze kutolewa mwaka 1973, kumi bora ya dunia haikuwa na hata mtu mmoja anayeitumia. Mipira ya siku hizi inakwenda kasi na kuruka juu, na mpira wa kimo cha bega ni mateso kwa mkono mmoja. Roger Federer anajua. Rafael Nadal alimpelekea mpira upande ule mwaka baada ya mwaka, kama timu iliyogundua kwamba beki wa kushoto wa wapinzani ni njia. Roland Garros pekee alimtoa nusu fainali mwaka 2005, akamfunga fainali za 2006, 2007, 2008 na 2011.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Federer alihama raketi ndogo akachukua yenye uso mkubwa zaidi. Akaacha kuusubiri mpira upande bekihendi, akawa anausogelea na kuupiga ukiwa bado unapanda, kabla haujafika begani. Januari 29, 2017, fainali ya Australian Open, akiwa na miaka 35, alimfunga Nadal kwa seti tano, na upande uliokuwa njia ndio ulioleta pointi. Beki yule mbovu akawa ndiye anayepiga krosi.

Kwa hiyo hatusemi kila mtoto alazimishwe mkono mmoja. Mtoto wa miaka minane mkono wake bado mwepesi, aanze na miwili. Akikua, na mwalimu akaona bega lake linageuka vizuri na miguu yake inawahi, ajaribiwe mmoja. Uamuzi uwe wa mwili wake, usiwe wa mitindo ya kwenye simu. Kitu ambacho hatukubali ni mtoto kukosa uamuzi wowote kwa sababu hajawahi kushika raketi.

Hapo ndipo tunapowageukia wenye dhamana. Kwenye shule ya watoto mia kadhaa, timu ya soka inabeba 11 na wa akiba. Waliobaki wanashangilia, na kati yao yupo mwenye jicho na mkono ambao hakuna aliyewahi kuupima. Ukitaja UMITASHUMTA na UMISSETA, watu wanawaza soka, netiboli, wavu na riadha. Ni michezo mizuri. Lakini walimu wa michezo wa Nemba, na wenzao wa Biharamulo na Ngara nzima, wanaweza kuanza na ukuta mmoja, mstari mmoja wa chaki, raketi nne za mtumba na mipira iliyochakaa. Maofisa michezo wa wilaya waweke raketi kwenye orodha ya vifaa wanapopanga bajeti, hata kama ni mstari wa mwisho. Wadau wanaonunua jezi kila msimu wa mashindano ya kata, mwaka mmoja jezi zipungue seti moja, raketi ziingie. Na Kigali wakiandaa tena, basi moja la wanafunzi livuke Rusumo wakaone kwa macho.

Na ninyi makocha wa soka msijione hamhusiki. Yule winga wenu wa mguu mmoja anahitaji dawa ileile. Mpeni ukuta, mguu wa kushoto, hesabu kumi mfululizo, akikosea arudi sifuri. Mkiendelea kumwambia acheze upande anaouweza, mnamlinda leo tu. Siku atakapokutana na beki anayejua kusoma, upande wake dhaifu utaonekana mbele ya uwanja mzima, na siku hiyo hakutakuwa na muda wa kumfundisha.