Meloni haivundikwi
BUSTANI NA BARAZA, na Mzee Jembe

Mnunuzi wa meloni sokoni huipigapiga, huibonyeza kitako, huinusa, kisha humuuliza muuzaji kama ni tamu. Muuzaji huapa kuwa ni asali tupu. Nyumbani kisu kinapita, nyama inatokea na rangi yake ya chungwa, lakini mdomoni ni tango lililovaa kanzu ya sikukuu. Basi hulaumiwa muuzaji, mbegu, au mbolea za siku hizi. Nionavyo, hakuna kati yao anayestahili lawama. Meloni chapwa imeponzwa na safari, na dawa yake ya uhakika ni mashina mawili matatu nyuma ya nyumba.

Ndizi mbichi imejaa wanga, na embe bichi lililokomaa pia. Ndiyo maana mkungu hukatwa ukiwa kijani, ukavundikwa, na siku chache baadaye ndizi ni tamu: wanga umegeuka sukari ilhali mgomba uko mbali. Meloni haina akiba hiyo. Sukari yake hutengenezwa kwenye majani, hupitia kikonyo, na sehemu kubwa huingia siku za mwisho kabla tunda halijaachia shina. Ukiikata mapema umefunga bomba. Italainika, hata harufu yake itazidi, na hapo ndipo inapoihadaa pua ya mnunuzi, ila sukari haipandi tena. Ifunike kwa gunia, ichimbie kwenye mchele. Itavunda kabla haijakuwa tamu. Huko Shizuoka, Japani, wakulima wa meloni za kifahari huacha tunda moja tu kwa kila shina, ili majani yote yalishe mdomo mmoja. Mwaka 2019 jozi moja ya meloni za Yubari, huko huko Japani, ilinadiwa kwa yeni milioni 5. Bei hiyo ni ya majivuno, nakubali, lakini kazi ya shambani si mzaha.

Utauliza, kwa nini mkulima wetu asisubiri iive? Kwa sababu meloni iliyoivia shinani, kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, haina siku nyingi. Ikae juu ya lori, ishushwe, ipangwe juani, na mwenye mzigo abaki na hasara. Kwa hiyo huivuna ikiwa ngumu, na kwa hesabu zake hajakosea. Mwenye bustani hana lori. Safari yake ni hatua ishirini hadi jikoni, kwa hiyo anaweza kusubiri hadi rangi chini ya nyavu za ganda iache ukijani na kuelekea manjano, na ufa mwembamba uzunguke pale kikonyo kinaposhika tunda. Hapo huhitaji kisu: ukiisukuma kidogo kwa kidole gumba, inaachia yenyewe.

Wapo watakaosema kiwanja kidogo kinafaa mchicha na bamia, si anasa. Hoja hiyo ina uzito kwa anayenunua maji kwa ndoo, nami simshauri ang'oe mboga. Lakini meloni hupanda chanja la fito kama maharage, mradi kila tunda lifungiwe kipande cha chandarua au kitambaa kulibeba, na eneo linalochukua chini halizidi beseni la kufulia. Maji nayo hupunguzwa tunda linapokaribia kuiva, maana yakizidi hulipasua na kuzimua utamu. Wengine hukata tamaa maua yakianza kudondoka. Wasing'oe: yanayotangulia ni madume, yenye kuzaa huja nyuma yake, na nyuki ndio wa kuyaunganisha asubuhi. Anayepulizia dawa saa hizo anajifukuzia wafanyakazi. Inzi wa matunda ndiye adui wa kweli, na dhidi yake mfuko wa karatasi unaovikwa tunda lingali dogo hufaa kuliko chupa ya sumu. Ama ile imani kwamba meloni ikipandwa jirani na tango hupoteza ladha, haina msingi. Mimea hiyo miwili haizalishani.

Pingamizi ninalolipa uzito zaidi linahusu usafi. Ganda lenye nyavu hushika uchafu, na kisu huupeleka ndani. Mwaka 2011 meloni zilizobeba bakteria wa listeria kutoka jimbo la Colorado ziliua zaidi ya watu 30 nchini Marekani. Bustani ya nyumbani haina kinga ya miujiza, hasa tunda likilala juu ya samadi mbichi. Samadi iozeshwe vizuri kwanza, tunda lisigusane na udongo, na ganda lisuguliwe kwa brashi kwenye maji yanayotiririka kabla ya kukatwa. Kilichokatwa kisipoliwa, kiende kwenye friji.

Kwa watu wa pwani, mvua ndiyo inayopanga kalenda, kwani unyevu wa masika huleta ukungu unaokausha majani, na bila majani hakuna sukari. Mbegu ziingie ardhini masika yakikatika, mwezi wa Juni. Meloni huchukua takribani miezi mitatu, kwa hiyo mtaivuna Septemba, kabla ya vuli.