Ndugu Wawili, Kazi Mbili



Msimu wa karafuu ukifika, magari hujaa magunia, mashine za mashua hazipoi, na kila senti ya mafuta huhesabiwa. Hapo ndipo yasikikapo maneno haya: "Mafuta ya taa na dizeli ni ndugu. Changanya tu, gari litakwenda." Sisi twakubali ya kuwa ni ndugu; kwamba kazi yao ni moja, hatukubali.

Ziko nchi ambako ndugu hawa wanafanana zaidi. Marekani, katika majimbo ya kaskazini mashariki, nyumba nyingi hutiwa joto wakati wa baridi kwa mafuta ambayo karibu ni dizeli yenyewe. Tofauti kubwa ni kodi. Dizeli ya barabarani hulipiwa kodi, ya kupashia nyumba joto hailipiwi kodi hiyo. Kwa hivyo hii ya pili hutiwa rangi nyekundu, ili mkaguzi akilichungulia tangi la lori ajue mara moja. Katika Umoja wa Ulaya tofauti imezidi: tangu 2009 dizeli ya magari haitakiwi kupita sehemu 10 za salfa katika milioni, hali mafuta ya joto yameruhusiwa kufika 1,000.

Huko, mwenye kudanganya huiibia serikali kwanza. Huku kwetu, mwenye kutia mafuta ya taa katika mashine ya dizeli hujiibia pia mwenyewe. Lita ya mafuta ya taa ina uzito wa gramu 800 hivi, ya dizeli 840 hivi. Basi hata nguvu yake ni pungufu. Tena pampu ya dizeli hulainishwa na mafuta yale yale yapitayo ndani yake. Ukiipa mafuta mepesi, vyuma husagana, na fundi atadai zaidi ya ulichookoa. Na mafuta ya taa hushika moto upesi kuliko dizeli. Hilo si jambo dogo ndani ya mashua.

Khasara nyingine ni ya jirani. Tanzania Bara, mwaka 2011, ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa sana ili kukomesha uchanganyaji. Hila ilikuwa ya wenye matangi, lakini bei mpya ilimwangukia pia mama mwenye koroboi na jiko. Twaona hilo ndilo baya kuliko yote: ujanja wa wachache hulipwa na wasiokuwa na gari wala mashua.

Kwa hivyo twawaomba wanachama wanunue dizeli mahali panapotoa stakabadhi, wajiepushe na pipa la njiani lisilojulikana lilikotoka, na wakikodi gari wamuulize mwenyewe anatia nini. Sisi hatukubali karafuu iliyochanganywa na makonyo iitwe safi. Basi na tusiyakubali mafuta ya namna hiyo.

Rahisi ghali.