Bustani ya fleti iko kwenye hati ipi?

JICHO LA MJI, na Zawadi Mutiso

Matangazo yamejaa Parklands: fleti ya vyumba vitatu, ghorofa ya chini, ina bustani yake, karibu na City Park. Mzazi aliyechoka kuwafungia watoto ndani ya ghorofa ya saba akiziona picha hizo, nyasi zimekatwa vizuri na miti mikubwa ya City Park imechomoza nyuma ya ukuta, moyo humtulia hata kabla hajauliza bei. Simlaumu. Nairobi imetunyima uwanja wa kuchezea kiasi kwamba kipande cha nyasi sasa kinauzwa kwa mamilioni.

Kwa vile nyasi ndizo zinazopandisha bei, nyasi ndizo za kuulizia kwanza. Dalali atakwambia bustani ni yako, akimaanisha kwamba mlango wako unafungukia hapo. Huo si umiliki. Kwa miaka mingi mnunuzi wa fleti Kenya alipewa mkataba wa kukodi wa muda mrefu, hati ya ploti yenyewe ikabaki kwa mjenzi au kwa kampuni ya kusimamia jengo. Sheria iliyoanza kutumika Desemba 2020, ikichukua nafasi ya ile ya 1987, ilibadilisha mambo. Ramani ya jengo ikishasajiliwa, rejista ya ploti nzima hufungwa na kila fleti hufunguliwa rejista yake, yenye hati yake. Kilichobaki nje ya fleti, yaani ngazi, lango, maegesho na mara nyingi bustani, ni mali ya wamiliki wote kwa pamoja, kila mmoja kwa fungu lake.

Hapo ndipo penye hatari. Bustani ikiwa imechorwa kwenye ramani kama sehemu ya fleti yako, ni yako. Ikiwa ni eneo la pamoja, jirani wa ghorofa ya juu kabisa ana haki nayo sawa na wewe, hata kama hajawahi kuikanyaga. Ili uitumie peke yako unahitaji kibali cha maandishi cha shirika la wamiliki, si ahadi ya muuzaji. Usipokuwa nacho, siku wenzako watakapoamua kuweka hapo matangi ya maji au kuegesha magari, utakuwa umelipia bustani na kubaki na dirisha linalotazama matangi.

Kuna na bustani ya pili ndani ya bei hiyo, ambayo haimo katika hati yoyote utakayopewa. Ni City Park yenyewe. Humo amezikwa mpigania uhuru Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi Februari 1965, na rafiki yake Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, ambaye alitaka kulala karibu naye. Humo wamo kima na miti ya asili iliyokuwepo kabla ya Parklands kuwa na ghorofa hata moja. Ni ardhi ya umma, na bado vipande vyake vimewahi kumegwa na kugawiwa watu binafsi. Tume ya Ndung'u ilieleza katika ripoti yake ya 2004 jinsi ardhi ya umma, misitu na bustani zikiwemo, ilivyogawanywa kinyume cha sheria nchini kote.

Barabara inayopita hapo karibu, iliyokuwa Forest Road, leo ina jina la mtetezi wa mazingira, Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1989 alianza kupinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 Uhuru Park hadi mpango huo ukafutwa, na Januari 1999 alipigwa hadi akatoka damu akiutetea msitu wa Karura. Hakuwa na fleti ya kuuza kando ya Karura. Wanaovuna thamani ya bustani hizi leo ni wauzaji na wanunuzi wa nyumba za jirani, na ninaona ni aibu kwamba ni wachache mno kati yao wanaojitokeza pale uzio wa mabati unapozungushwa mahali pasipostahili.

Basi kabla hujatoa asilimia kumi ya kwanza, mwambie wakili wako akuonyeshe ramani iliyosajiliwa na akuwekee kidole palipochorwa bustani. Ukishahamia, uingie City Park, uijue mipaka yake, na ukiona mabati mapya ndani yake, uwaite majirani na upeleke malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi siku hiyo hiyo.