Wajukuu wa Walatino Wauliza, Wazee Wafungua Vifua

Mwaka wa 1954, katika mji mdogo wa Marfa, jimbo la Texas nchini Marekani, walimu wa skuli ya Blackwell, iliyotengewa watoto wenye asili ya Kimeksiko, waliwapa wanafunzi wao vikaratasi vya kuandika ahadi kwamba hawatasema Kihispania tena. Vikaratasi vikatiwa sandukuni, sanduku likafukiwa ardhini, na shughuli hiyo ikaitwa maziko ya Bwana Kihispania. Mtoto aliyeteleza ulimi alichapwa. Msomaji aliyepata kuvishwa kidude shingoni kwa kusema lugha ya mamake skulini hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Linalonishughulisha hasa ni ukimya uliofuata. Wengi katika wazee wa rika lile, wala si wa Marfa peke yao, waliwalea watoto wao kwa Kiingereza ili wasionje fimbo walizoonja wao, na habari yenyewe wakaifungia kifuani. Mjukuu akakua hana lugha ya nyanyake, wala hajui kwa nini hana. Hudhani ni uzembe wa nyumbani, kumbe ni kovu.

Ndipo inapoingia kazi ya chama kiitwacho StoryCorps, kilichoanza mwaka wa 2003 kwa chumba kidogo cha kunasia sauti katika stesheni ya Grand Central, New York. Watu wawili wanaojuana huketi dakika 40, mmoja akauliza na mwenziwe akajibu, na nakala ikawekwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka wa 2009 chama hicho kilianzisha mpango wa Walatino, ulioitwa Historias. Walioketi mbele ya kinasa sauti cha chama hicho ni pamoja na wanawake waliosoma Blackwell, nao wakayaeleza maziko yale kwa vinywa vyao.

Huenda ukauliza: kwani nyumbani hakuna baraza? Ipo. Lakini barazani mzee husema, "Ya nini hayo, yamepita," na mazungumzo yakahamia kwenye chakula. Mjukuu akimkabili kwa swali aliloliandaa, mzee huona kuwa anatakwa kweli. Lawama yangu ni kuwa vipande vinavyotangazwa redioni ni vya dakika chache mno, na aghalabu huchaguliwa vya kuliza. Msikilizaji hufuta machozi bila ya kuuliza nani aliyetoa amri.

Na kumbukumbu si za kulilia tu, bali zina hesabu ndani yake. Baina ya 1942 na 1964 Marekani ilichukua vibarua wa Meksiko, walioitwa bracero, kwa mikataba zaidi ya milioni nne. Katika miaka ya mwanzo walikatwa asilimia 10 ya mshahara iwe akiba yao watakaporudi kwao, na wengi hawakuiona hata senti. Kesi ilipofikia suluhu mwaka wa 2008, serikali ya Meksiko ilikubali kuwalipa waliokuwa wakiishi Marekani kiasi cha dola 3,500 kila mmoja, maadamu wana hati za kazi ile. Warithi nao waliweza kudai. Sasa fikiri juu ya mtoto ambaye babake hakumsimulia kitu: angejuaje kuwa karatasi iliyochakaa ndani ya kasha la marehemu ina thamani?

Hesabu ya watu ya mwaka wa 2020 iliwakuta Walatino milioni 62 nchini Marekani. Mwaka wa 2022 sheria ilipitishwa ya kuihifadhi skuli ya Blackwell kuwa mahali pa historia ya taifa. Mnamo tarehe 1 Machi 2025, Rais Donald Trump akatia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi, na kufuta amri ya mwaka wa 2000 iliyozitaka idara za serikali ziwasaidie wasiokimudu. Haikumkataza mtu kusema Kihispania, ni kweli. Lakini mwaka huohuo msako wa wahamiaji ulishika kasi, na mzee aliyevuka mpaka bila ya hati ana haki ya kusita kabla ya kuiacha sauti yake, ikisimulia alivyovuka, ndani ya maktaba ya serikali ileile.

Wale wa Blackwell walirudi skulini kwao mwaka wa 2007, wakiwa na mvi, na katika hadhara ya waliosoma pamoja nao wakalifukua kamusi la Kihispania.